Bastola Niliyokwenda Nayo Kuposa

Aibu niliyoipata kule Columbia, Maryland, Marekani, sijawahi kuisimulia yote, huwa naishia katikati na kusema "basi, posa haikukubaliwa", na watu wananionea huruma wakidhani nilikataliwa kwa sababu sikusoma (niliacha shule kabla ya darasa la saba, hilo kila mtu analijua) au kwa sababu ni mtu wa kuhamahama, leo Tanga, kesho Lusaka, keshokutwa nauza mitumba Durban. Hapana. Nilikwenda kuposa na bastola kiunoni, na ikaonekana, na jinsi ilivyoonekana ndiyo inayonifanya mpaka leo nikikumbuka nifumbe macho hata nikiwa peke yangu.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa naendesha teksi Alexandria, jimbo la Virginia. Dereva mwenzetu mmoja, Mhabeshi mpole sana, alipigwa risasi na abiria akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Tulimzika, tukarudi kazini, na tangu hapo kila aliyekaa kiti cha nyuma nilikuwa nasikiliza anavyopumua. Nikaamua kununua bastola. Virginia mtu mwenye grinikadi, kibali cha kuishi Marekani, kama mimi aliweza kupata kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, nikakipata, na hapo udadisi wangu ukanizidi, maana mimi kitu nikikianza sipumziki mpaka nikijue chote.

Nilikwenda duka la silaha mara nyingi mpaka muuzaji akawa ananimiminia kahawa. Alinipangia tatu juu ya kioo: rivolva fupi ya risasi tano, haina mambo mengi lakini tumbo lake la kuzungusha risasi limefura na linajichora kwenye shati, ya pili bapa na nyepesi, inaingia hata mfukoni, ila risasi zake dhaifu na inaruka mkononi ukifyatua, na ya tatu ya milimita tisa, kitako kifupi hata kidole cha mwisho hakipati pa kushika, lakini ina uzito wa kuifanya itulie. Kamau, dereva mwenzangu Mkenya, alikuwa ameegemea kaunta kama mume anayesubiri mkewe achague viatu.

"Buda, chukua hiyo nyepesi twende. Vile umekonda, hiyo ingine itakuvua suruali."

"Nyepesi inaruka."

"Basi chukua nzito ununue mshipi. Unaoa ama unanunua?"

Nikachukua nzito, pamoja na ala ya ngozi ya kuvaa ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Muuzaji akanisimamisha mbele ya kioo cha kujitazamia akanifanyisha kila kitu: kaa kama unaendesha, nyoosha mkono juu, okota funguo sakafuni (kwa kupiga magoti, alisema, ukiinama koti litapanda). Haikuonekana. Nikatoka pale najiona nimehitimu chuo.

Sasa Zuhura. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, nami nilimpeleka kazini mara nyingi hadi ikawa sababu siyo kazi tena. Baba yake alikwishafariki, mlezi wake alikuwa ami yake anayeishi Columbia. Aliniambia wazi, "Njoo kwa Ami kama watu wanavyokuja. Ukitoka pale vizuri, mimi ni wako. Ukitoka vibaya, usinipigie simu." Nilikuwa nimefika umri ambao mwanamume anajiuliza atazeekea kwa nani, na sikuwa na jibu lingine zaidi ya Zuhura.

Tulikwenda mimi na mshenga wangu, Mzee Shomari, mwegesha magari wa hoteli. Kibali cha Virginia hakifanyi kazi jimbo la Maryland (nilijua, nikajifanya sijui). Ningeweza kuiacha nyumbani, lakini nilikuwa nimeizoea hadi bila hiyo najihisi niko uchi, na kuiacha garini niliogopa, kwani hata kwenye maegesho yetu vioo vilikuwa vinavunjwa. Nikafunga vifungo vya koti, nikaingia ndani.

"Vua koti, mwanangu, humu joto," mke wa Ami alisema.

"Nina mafua, mama."

Saa ya ukutani ikaadhini Magharibi. Mikeka ikatandikwa, wanaume safu ya mbele, watoto, kisha wanawake, na Ami akanigusa bega. "Kijana, tuswalishe." Ndiyo desturi ya wengine, wanataka kuisikia Fatiha yako kabla ya kuyasikia maneno yako. Nilifurahi, maana shule ilinishinda lakini madrasa nilikuwa na sauti.

Rakaa ya kwanza, "Amin" ilijaa chumba. Nikarukuu, nikasujudu. Yule muuzaji alinifanyisha yote anayofanya mtu wa Virginia, lakini kuweka paji la uso chini na kiuno juu hakuwaza, na mimi ninayeswali tangu utotoni sikukumbuka kumwonyesha. Nilikuwa naswali nayo chumbani kwangu kila siku, ila anayeswali peke yake hana mtu nyuma. Koti likateleza likakusanyika mabegani. Sikuhisi kitu.

Rakaa ya pili, "Amin" ikawa ya watu wawili, tena kwa sauti ya chini. Nikadhani wengine wanalia kwa kisomo changu, basi nikachagua sura ndefu zaidi. Nilisikia miguu ikinyata kwenye mkeka, mtoto akinyamazishwa, mlango wa jiko ukifungwa, na mimi naendelea kuvuta sauti.

Nilipotoa salamu na kugeuka, walikuwa wamebaki Ami na Mzee Shomari, ambaye hata swala ilipokwisha macho hakuyafumbua.

"Hiyo ni ya kweli?" Ami akauliza.

"Ndiyo, Ami."

"Ina risasi?"

"Ndiyo. Ni kwa ajili ya kazi, teksi ina—"

"Nimeimaliza swala kwa sababu nilikuwa nimeshaianza. Umekuja kuniomba mtoto, bwana. Humu ndani umemwogopa nani?"

Tukatafuta viatu vyetu mlangoni. Tulipokaribia Alexandria, Mzee Shomari akanigeukia garini. "Nimeposea watu wengi," akasema. "Mmoja alikuja amelewa. Alipewa."

Siku chache baadaye Zuhura alinipigia yeye.

"Siku zote zile nilizokaa pembeni yako garini, ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na ile siku tuliyogombana, ukapiga ngumi usukani?"

"Ilikuwepo, lakini Zuhura—"

"Ami hajakataa," akasema. "Aliniachia mimi niamue. Nimekataa mimi."

Bastola niliiuza wiki ile ile, na teksi nikaiacha kabla ya theluji. Nimeapa kutoingia tena nyumbani kwa mtu na kitu nisichoweza kukiweka mezani mbele yake. Kiapo hicho nimekishika mpaka leo, ingawa aliyestahili kukisikia hajawahi kuniuliza.