Kikombe Kimoja cha Esansi

Motokari ya otomatiki inakunywa esansi, yaani petroli, nyingi kuliko ile ya vitesi, ya gia za mkono. Miaka ile ya Zaïre, mtaa wetu wa Kapata wote ulijua hivyo, na hakuna aliyewahi kupima. Mume wangu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, na mi nilikuwa nawaka kwa hasira, kwa sababu ile otomatiki ilikuwa miguu yangu. Mguu wangu wa kushoto ulilegea nilipougua utotoni. Hauwezi kukanyaga embreyaji, ile pedali ya klachi. Otomatiki haina embreyaji. Ndani yake nilimpeleka mtoto wetu, mwenye kifua kibaya, hospitali ya mjini bila kumwomba mtu. Sasa tata ya batoto, huyo mume wangu, alitaka kubadilishana na ndugu yake, aliyekuwa na ya vitesi.

Najua chuki ilianzia wapi. Esansi ilikuwa ya shida, kwa hiyo wanaume wetu walizima injini kwenye kila mteremko, gari liteleze bure, na huko chini wanaachia embreyaji, injini inaamka. Mume wangu akafanya vilevile na otomatiki. Usukani ukawa mzito, breki zikagoma, akaishia kwenye kichuguu. Betri nayo ilikuwa imechoka. Majirani wakasukuma mpaka jasho likawatiririka, wapi! Otomatiki ile haikuamshwa kwa kusukumwa. Tangu hapo akaiita mulevi.

"Tupime," nilisema.

Shemeji akacheka. "Sitwayeni," akaniita, kama kila mwanamke raia alivyoitwa siku hizo, "unataka kupima pombe ya mulevi?"

"Mutambo ni ule ule, yako na yangu. Tupime."

Tukajaza matangi yote mawili mpaka shingoni, tukaenda Mutoshi na kurudi: yeye mbele, mi nyuma, mtoto amepakatwa na baba yake kando yangu. Tuliporudi tukajaza tena, kwa chupa ya bia. Gari la shemeji lilimeza kidogo tu. Langu likadai chupa juu ya chupa.

"Umeona, mama?" mume wangu akasema, meno yote nje.

Nilikuwa nimeona kitu kingine. Nikamgeukia shemeji. "Kwenye muteremko moshi yako ilikuwa inakatika. Ulizima."

"Si njo vile tunaendeshaka!"

"Basi haukupima vitesi. Ulipima mulima. Turudie, bila kuzima."

Alinuna, lakini alirudia. Safari hii hamu ya kujua ilinizidi hasira. Nilisikiliza: kila nilipoondoka, injini ilinguruma kwanza, ndipo gari likavuta, kama mtu anayevuta kamba iliyolegea. Pengine ni hapo inapokunywa, nikawaza. Na shuleni walitufundisha fizikia bila kutufungulia hata boneti moja!

Tukajaza tena. Mara hii chupa zililingana, kisha tangi langu likaongeza kikombe kimoja, kile cha bati cha mtoto.

"Bado inakunywa mingi," mume wangu akasema.

Sikupenda, lakini ilikuwa kweli. "Ndiyo. Kikombe. Hii kikombe njo muguu yangu ya kushoto. Unataka kuikata?"

Mtoto akakohoa mapajani mwa baba yake. Mume wangu akakichukua kikombe, akakitikisa kikauke, kisha akamwambia ndugu yake:

"Enda na yako. Mulevi anabaki na bibi yangu."