Mshenga wa Durban

Nilipoteuliwa kuwa mshenga wa Durban, jambo la kwanza nililofanya ni kupeleka suti yangu kwa dobi. Nina suti moja. Mtu mwenye akili angejishtukia hapo hapo, lakini mimi nilisimama dukani nikiuliza kama inaweza kuwa tayari kabla ya Jumamosi.

Ligi yetu ni ya wanafunzi wa vyuo vya Afrika Kusini ambao nyumbani kwao husemwa Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi, Watanzania, na Wakenya wachache wanaopenda kuwa makapteni. Kila mji una timu yake, na fainali huchezwa katika mji ambao timu yake haimo. Kuuchagua mji huo ni kazi ya kamati. Niliingizwa kwenye kamati kwa sababu niliwahi kuandika makala kuhusu mpira, ambayo wajumbe wenzangu hawakuisoma ila walisikia ni ndefu.

Hapo awali kila mji ulikuwa unakuja kujisifu wenyewe, na vikao vikaishia kwa watu wazima kurushiana maneno kuhusu vyoo. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kirundi anayeuza vitambaa Fordsburg, hapa Johannesburg, akasema kwao bwana harusi hajisifii mbele ya wakwe, anamtuma mtu. Tangu hapo kila mji unaoomba fainali husemewa na mshenga kutoka mji unaoshindana nao. Mshenga anakwenda huko, anakula, analala, anaoneshwa uwanja, kisha anarudi kusema mbele ya kamati. Haruhusiwi kuutaja mji wake mwenyewe, na hapigi kura. Watu wa nje wakisikia utaratibu huu hucheka. Sisi tuliuona ni wa busara, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiutumia vibaya. Au ndivyo nilivyodhani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila mshenga aliutumia vibaya kidogo, kwa adabu, na kwamba busara yenyewe ilikuwa humo.

Mwaka huu fainali ilikuwa kati ya Bloemfontein na Cape Town, na miji iliyoomba kuipokea ilikuwa miwili, Durban na Johannesburg yetu. Durban wakanichukua mimi. Sisi tukamchukua fundi wa friji kutoka Durban, Mtanzania mpole mwenye tumbo, ambaye alikuja wikendi moja, akalala Yeoville, akala samaki, na akaomba kurudishwa stesheni mapema.

Sasa nimtaje mtu ambaye jambo hili lilimhusu kuliko sisi sote. Naishi Bellevue, katika nyumba iliyokuwa ya familia moja na sasa ina familia kila mlango. Chumba cha mbele, ambacho zamani bila shaka kilikuwa cha kulia chakula, ni saluni ya mama mmoja wa Uvira, Kongo. Mimi humwita Mama Kipa, kwa kuwa mwanawe ndiye golikipa wa Bloemfontein, na yeye huniita Papa Profesa, ingawa sijawahi kuwa profesa na amekwisha kuambiwa. Kijana wake anasoma huko kwa msaada wa kanisa. Mama Kipa hajawahi kumwona akicheza. Karatasi yake ya ukimbizi imekwisha muda na miadi ya kuihuisha haijafika, kwa hiyo hatoki nje ya Johannesburg. Basi la kwenda miji mingine, polisi wakilisimamisha, kwake si safari tena.

Uwanja ulioombewa Johannesburg uko Kensington. Kutoka kwetu mtu anaweza kwenda kwa miguu akiwa amevaa viatu vya kanisani.

Mama Kipa aliposikia nimeteuliwa aliniita saluni. Alikuwa anamsuka msichana mmoja, na hakuacha kusuka.

"Papa Profesa, wanasema weye ndiye utaongea ya Durban."

"Ndiyo, Mama. Ni utaratibu tu."

"Basi uongee kidogo."

"Nitaongea kidogo."

"Sema kule kuna mvua."

"Siruhusiwi kuusema vibaya mji."

"Mvua haiko vibaya, ni baraka. Sema kuko baraka mingi, kila siku, tangu asubuhi." Msichana akacheka, akaambiwa atulize kichwa. "Mimi sitaki kiti, Papa. Hata sitaki kumuona uso, uso ninaujua. Nitakaa kwa nyuma ya goli, nione mugongo yake tu. Inatosha."

Nilimwahidi. Nilisema maneno haya haya: "Mama, usiwe na wasiwasi, hotuba yangu itakuwa ya hovyo." Msichana akasema kwa Kiingereza kwamba hilo halitakuwa tatizo.

Nikaenda Durban. Nilipokelewa vizuri kupita kiasi, nikalazwa kwenye chumba ambacho watoto walihamishwa ili nikipate, na asubuhi nikapelekwa uwanjani. Ulikuwa uwanja wa kawaida, wenye nyasi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Nyuma ya goli moja kulikuwa na mwinuko mdogo wa majani. Nyuma ya goli la pili kulikuwa na uzio wa waya na ua wa fundi wa magari mabovu. Vyote viwili niliviona kwa macho yangu.

Kikao kilifanyika Fordsburg, juu ya mgahawa, katika chumba kinachonuka iliki na mafuta ya kukaangia. Fundi wa friji alianza. Alisimama, akafungua kifungo cha koti, akasema:

"Ndugu wajumbe. Johannesburg ni mji mzuri. Tulikula. Tulilala. Hatukuibiwa."

Akakaa.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe aliweka kikombe chini ili asimwage chai. Na hapo ndipo nilipoharibika. Ningependa kusema kwamba niliuonea uchungu mji wangu, lakini ukweli ni kwamba nilimwonea wivu fundi wa friji. Sentensi nne, na watu wanajifuta machozi. Nami nimekaa pale na suti iliyotoka kwa dobi, mtu ambaye amefundishwa kwa miaka kadhaa namna ya kupanga aya, nasubiri kwenda kusema kwamba Durban kuna mvua.

Nilisimama nikiwa bado na nia ya kusema kidogo. Nilianza na kile chumba cha watoto, namna walivyohama na mito yao bila kuambiwa mara mbili. Nikaona mjumbe mmoja ameacha kuchezea simu. Mtu aliyewahi kusema mbele ya watu anajua hali hiyo, chumba kinapokuegemea kidogo na wewe unazidi kwenda mbele. Nikasema juu ya nyasi. Nikasema juu ya upepo. Nikatafuta cha kumalizia, na kilichokuja mdomoni hakikuwa changu.

"Na nyuma ya goli," nikasema, nikishusha sauti, "kuna mwinuko mdogo wa majani. Pale mama anaweza kukaa chini bila kiti, bila tiketi, akautazama mgongo wa mwanawe. Hahitaji kumwona uso. Uso anaujua."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, na nikajua kwamba Durban imeshinda. Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini kwa muda wa kutosha kabisa kukaa na kupokea kikombe cha chai nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Fordsburg. Mikono iliyonyooshwa kuichagua Johannesburg ilikuwa miwili, na mmojawapo ulikuwa unaagiza sambusa.

Kwenye ngazi fundi wa friji alinishika mkono, akauzuia kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake kuhusu msiba.

"Kaka, mimi nilidhani tunaelewana."

"Kuelewana nini?"

"Wewe unasema vibaya kidogo, mimi nasema vibaya kidogo, kamati inaamua yenyewe. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mke wangu alinituma nikaseme vibaya. Wewe hukutumwa na mtu?"

"Nilitumwa."

"Lakini umeongea, kaka," akasema. "Umeongea." Akashuka ngazi akitikisa kichwa, na sikuweza kujua kama ananisifu au anajiepusha nami.

Nilirudi Bellevue kwa miguu, jambo ambalo silishauri, nikitumaini kwamba saluni itakuwa imefungwa. Ilikuwa wazi. Habari ilikuwa imefika kabla yangu kwa simu, kama habari zote zinavyofika katika nyumba yetu. Mama Kipa alikuwa anafagia nywele.

"Durban," akasema.

"Durban, Mama."

"Eish." Akaendelea kufagia. "Uliongea muzuri?"

Ningeweza kudanganya. Ila katika jambo hilo moja, hata siku ile, sikuweza. "Sana," nikasema.

Hapo akacheka, na kicheko chake kilinichoma kuliko tusi. Kulikuwa na wateja wawili na dada mmoja wa Kirundi aliyekuja kuchaji simu. Mama Kipa akaegemea ufagio. "Basi utuambie na siye. Tusikie kitu kilichotushinda."

Nilikataa. Wakashikilia. Kwa hiyo nilisimama kwenye zulia la nywele, nikiwa na suti, nikairudia hotuba yangu: watoto na mito, nyasi, upepo. Nilipofika kwenye mwinuko nilijaribu kuuruka, nikasema tu "na kadhalika", lakini dada wa Kirundi, ambaye mumewe yumo kwenye kamati, akasema, "Hapana, iko ile ya mama na mgongo. Ndiyo walilia."

Nikaisema. Sikushusha sauti safari hii.

Mama Kipa aliinama akazoa nywele kwa kibao, akazimwaga kwenye ndoo, akarudi. "Hiyo ni yangu," akasema. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayeonesha mwavuli wake katikati ya miavuli ya wengine.

"Ni yako, Mama."

"Sasa utaenda. Utakaa pale pale nyuma ya goli, na simu. Nami nitaona."

Nikaenda. Siku ya fainali Durban ilikuwa kavu, hata wingu la adabu halikuwepo. Nilikaa kwenye mwinuko kabla ya watu kufika, nikampigia Mama Kipa kwa video, na nilipomwona usoni nikaona saluni nzima nyuma yake, vichwa vingine vikiwa vimesukwa nusu. Timu zilipoingia, kijana wake alikuja kwenye goli letu. Nikaelekeza simu.

"Huyu hapa."

"Usisogeze, Papa. Mukono unatetemeka."

"Ni uzee, Mama."

"Mwambie avute soksi."

Nilisita. Kijana ni mrefu, na alikuwa anazipigapiga nguzo kwa uzito wa mtu mwenye kazi. "Kijana," nikaita, "mama anasema uvute soksi." Alijibu kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba yuko sawa. Kisha akainama akavuta soksi, ya kushoto na ya kulia, na kwenye simu nikasikia saluni nzima ikishangilia kana kwamba amedaka penalti.

Sikuona mpira kipindi kile chote. Niliuona mgongo, namba iliyobanduka pembeni, na shingo ambayo kwa mujibu wa Mama Kipa ilikuwa imekonda. Alisema hivyo mara nyingi, kwa furaha kubwa. Aibu yangu ilipungua kidogo, nikaanza hata kufikiri kwamba mambo yamejipanga vizuri, na kwamba labda siku moja nitaiandika.

Kisha ikawa mapumziko, na baada ya mapumziko timu zikabadilishana magoli.

Sijui namna ya kueleza kwamba mtu aliyeandika makala ndefu kuhusu mpira hakulifikiria jambo hilo. Ule ua wa magari mabovu nilikuwa nimeuona siku ya ziara. Haukuingia vizuri kwenye hotuba, basi nikauacha, na nilipouacha kwenye hotuba uliniondoka kichwani. Nilikimbia kuzunguka uwanja na simu mkononi. Kati ya uzio na wavu hapakuwa na nafasi hata ya kusimama. Nikajibana kwenye kona, na mshika kibendera akanifukuza. Upande wa fundi wa magari kulikuwa na mbwa. Nilirudi kwenye mwinuko nikihema, nikainua simu, na kijana wa Bloemfontein alikuwa kitone cha njano upande wa mbali.

"Papa Profesa, simuone. Mlima wetu uko wapi?"

"Niko juu yake, Mama. Yeye ndiye yuko upande mwingine."

"Kule haiko mlima?"

"Haiko."

Nyuma yake dada wa Kirundi aliuliza kitu, akajibiwa kwa Kifaransa, kwa ufupi. Kisha Mama Kipa akasogeza uso karibu na simu mpaka nikaona jicho moja tu.

"Basi weye utaniambia. Lakini usipambe, Papa. Sema tu."

"Amesimama," nikasema.

"Ndiyo."

"Ameweka mikono kiunoni. Mpira uko huku kwetu. Sasa unakwenda kwake. Amesogea kushoto."

"Ndiyo."

"Ameinama."

"Anashika goti? Lile goti lake linamuuma wakati ya baridi."

Nilikodoa macho. Kwa umbali ule sikuweza kujua. Neno zuri lilinijia, nikaliacha lipite.

"Sioni, Mama," nikasema. "Yuko mbali."

"Sawa," akasema. "Endelea."