Alivyoulizwa Mama Vifungo

Mtaani walimwita Mama Vifungo, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Mteja akileta kitambaa pungufu, alichambwa mpaka akaomba radhi mwenyewe. Kwa hiyo siku aliponyamaza juu ya mashine, mguu kwenye pedeli, macho wazi, watu walidhani kanuna. Kununa gani huko, jamani, mtu hamezi hata mate?

Wakampeleka hospitali. Wodini akalala kama gogo, analishwa uji kwa mpira wa puani. Lakini masikio yalikuwa mazima. Manesi walipowasengenya waume zao pale pale kando ya kitanda chake, alitamani kucheka, mdomo ukagoma.

Siku moja akaja mumewe na wifi yake. Mume ni mtu wa haki, tusimwonee. Alipiga magoti kabisa. "Mke wangu, dada anataka kumchukua mtoto wetu akamlee kwake, moja kwa moja. Kama hutaki, sema."

Sema! Alilisukuma neno kwa nguvu zake zote, likakwama kooni. Hata kope haikumtii.

"Kunyamaza ni kukubali," wifi akasema, akachukua mkoba wake. Mama Vifungo akawasikia wanaondoka. Uchungu ule, usiombe ukupate.

Miezi ikapita, akaja daktari mpya wa akili. Akamsalimia mgonjwa kwanza, akauinua mkono wake, akauachia. Mkono ukabaki hewani.

"Anajifanya?" akauliza mume, aliyekuwa amekuja kumwona.

"Hapana, baba. Mwili umemfunga. Mwenyewe yumo ndani, na huenda anasikia kila kitu. Tumchome dawa, tuone kama itamfungua."

Mume akanywea. Sindano ikaingia. Baada ya muda mkono ukashuka wenyewe, taratibu, na midomo ikaanza kutetemeka.

"Mwanangu yuko wapi?" Sauti ilikuwa inakwaruza. "Mrudishe."

"Lakini nilikuuliza, mke wangu!"

"Nilikujibu."

Mume akaangua kilio. "Juzi nilikwenda kumwona. Alijificha nyuma ya dada. Anamwita mama."

Mama Vifungo akamgeukia daktari. "Hii dawa inadumu?"

"Saa chache tu, mama. Itabidi turudie mara nyingi."

"Basi nitafutie viatu," akamwambia mumewe. "Twende sasa hivi, nikamkatalie wifi kwa mdomo wangu kabla haujafungwa tena."