Kinywa cha Mama Mukwe

Watu wa Kasongo wakikutana nami sokoni hufunga midomo. Mimi ndiye ninayeng'oa meno lopitalini, nao wanadhani natembea na pensi, koleo la kung'olea meno, mfukoni. Hata yule mama muuza ndizi, anayeongea tangu alfajiri hadi jioni, nikifika kwake anakuwa bubu, bei ananionyesha kwa vidole. Siwalaumu. Woga wa meno naujua kuliko mtu yeyote mjini, au ndivyo nilivyojisifu hadi siku aliyokuja mama mukwe.

Alifika asubuhi kwa pikipiki kutoka Kabambare, shavu la kushoto limefura hadi jicho limejifunga. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka shingoni. Mate aliyatemea ndani ya kitambaa, maana kumeza kulimshinda. Usaha wa jino ukishuka kooni, mtu anaweza kukosa pumzi akafa huku mnamtazama. Nikamchoma dawa upesi upesi, lakini nilijua dawa peke yake haitoshi: jino lile lazima litoke siku hiyo hiyo, na wa kulitoa nilikuwa mimi tu.

Sasa, kwetu mukwe haangalii ndani ya kinywa cha mama mukwe. Miaka kumi na moja nimeoa binti yake, hatujala pamoja hata mara moja. Nikimsalimia, naangalia chini. Akitaka kuniambia kitu anamwambia huyo binti yake, bibi yangu, hata kama nimesimama hapo hapo, nami najibu kwa njia hiyo hiyo.

— Ambia bwana yako, akamwambia kwa taabu bibi yangu aliyemleta lopitalini, mimi kinywa sifungui mbele ya mukwe.

— Mwambie mama, bila kufungua hatapona.

— Mumesikiana, akasema bibi yangu, mikono kiunoni katikati yetu. Mimi siko redio.

Basi nikaenda kuitafutia heshima dawa. Nikapanda baiskeli mpaka kwa kaka yake mama mukwe, mzee anayekaa nyuma ya msikiti. Akanisikiliza, akakohoa, akasema haya ya namna hiyo inafutwa kwa kuku jike na kitenge. Mama akivipokea, hakuna kosa tena. Nikanunua kitenge, nikanunua kuku, nikarudi natoka jasho, kuku ananing'inia kwenye usukani anapiga makelele kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Mzee akaja nyuma yangu, akatamka maneno yanayotakiwa. Mama mukwe akapapasa kitenge, akakiona kizuri, akakikalia. Akamfunga kuku mguu kwenye kiti changu cha kung'olea meno.

— Sasa afungue, nikasema.

Akafunga kinywa zaidi.

Eh! Nilikasirika, sitaficha. Kuku amempokea, kitenge amekikalia, kinywa kimebanwa! Nilikuwa karibu kupaza sauti ndani ya lopitali ya watu. Ndipo nikaona mikono yake: imekamata kiti hadi vidole vimepauka. Kumbe! Kila mwaka nawaambia wanafunzi wa uuguzi kwamba mwenye kuogopa hasemi naogopa. Atasema ana msiba, atasema jino limepona njiani. Huyu alikuwa anatetemeka mbele ya macho yangu, hofu yake imevaa nguo za heshima, na mimi mwerevu nikakimbia kuinunulia heshima kuku. Nilijionea aibu. Tena nilikuwa nimepoteza nusu ya siku, na shingo yake ilikuwa inazidi kujaa.

Nikaketi kwenye kigoda, kichwa changu kikawa chini kuliko chake. Nikamwomba bibi yangu amuulize anaogopa nini. Mama akasimulia, nusu Kiswahili nusu Kibangubangu, kwamba utotoni fundi wa baiskeli alimng'oa jino kwa koleo la kazi, wajomba wanne wamemkamata. Alilia akisema acheni, acheni. Wakacheka, wakaendelea.

— Mwambie mama, hapa hakuna wa kumkamata. Akinyanyua mukono, naacha. Hata ikibaki kidogo tu jino litoke, naacha.

Akanyanyua mkono papo hapo. Nilikuwa sijavaa hata mipira ya mikono! Nikarudi nyuma. Nikavaa, akanyanyua. Nikamwonyesha sindano, nikamweleza itachoma wapi na nitahesabu mpaka ngapi. Akanyanyua mara tatu mfululizo. Bibi yangu akaanza kusonya. Mimi kila mara niliacha, nikaweka vyombo chini, nikasubiri. Alikuwa ananipima, na alikuwa na haki. Mara ya nane au ya tisa mkono ulibaki magotini. Akafumba macho, akafungua kinywa, nami nikaangalia ndani.

Sindano ikaingia, shavu likafa ganzi. Nikashika jino kwa pensi, likaanza kucheza, usaha ukachuruzika. Hapo woga ukanishika mimi. Jino likivunjikia ndani? Akinifia kwenye kiti hiki, bibi yangu nitamtazama na macho gani? Pensi ikagonga jino la jirani. Nikaitoa. Nikaiweka chini.

Mama mukwe akafumbua jicho lake zima. Akaniangalia usoni, mimi mwenyewe.

— Nani amenyanyua mukono? akauliza.

— Ni mimi, mama.

— Unaogopa?

— Naogopa.

Bibi yangu aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mukwe hakucheka.

— Basi, ngoja kidogo. Pumua. Ukiwa tayari tutaendelea.

Nikapumua. Nikaitikia kwa kichwa kwamba niko tayari, naye akafungua kinywa. Jino likatoka zima, pamoja na mizizi yake yote.

Tulikaa naye mchana uliobaki tukiangalia shingo. Jioni uvimbe ukawa umelegea, na bibi yangu akamletea maji. Akapiga funda dogo, akasubiri, likashuka. Akapiga la pili. Akanywa mpaka mwisho, akaupitisha mkono wake mbele ya bibi yangu, akaninyoshea mimi kikombe kitupu.

— Ongeza, mwanangu.