Ndege ya Mlingoti wa Mkonge

Juzi fundi alikuja kunipakia geti rangi ya fedha, na alipofungua mkebe nikalazimika kuondoka uani. Si kwamba harufu yake ni mbaya. Ni kwamba inanirudisha kwenye umri wa miaka kumi na mitatu, katika landhi za reli pale Voi, nikiwa mtoto mwenye roho mbaya kuliko watoto wote niliopata kuwajua. Nakuambia mapema, msomaji, usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Landhi zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, zimepangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani kwako. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Mimi nilikuwa fundi wa watoto. Nilikunja waya nikatengeneza malori yenye usukani mrefu, na wenzangu walipanga foleni ili wayaendeshe mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Nilipenda sana ile foleni. Nafikiri niliipenda kuliko malori yenyewe.

Kisha Wakesho akaja. Alikuwa binti wa baba mdogo, na aliletwa kutoka Mgange, kule milimani, amalizie darasa la saba kwetu. Tukawa darasa moja. Alikuja na sanduku la bati, na ndani yake kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita aliyopewa na mwenye duka. Hakuihifadhi kwa ajili ya tarehe. Ilikuwa na picha ya ndege ya abiria, jeti yenye injini nne zilizobanana karibu na mkia, mbili kila upande, na chini ya pua yake amesimama mwanamume mmoja mwenye ovaroli.

Ndege kama hiyo ilipita juu ya Voi karibu kila adhuhuri ikielekea Mombasa. Sisi tuliinua macho mara moja na kuendelea kucheza. Wakesho alisimama na ndoo yake kichwani mpaka mlio uishe, na mama akamgombeza kwa kuchelewesha maji.

Mwezi wa pili akaanza kuitengeneza. Ukiwa umepita kwenye mashamba ya mkonge utakuwa umeiona ile milingoti mirefu inayochipuka katikati ya mmea uliozeeka. Ikikauka huwa myepesi ajabu, na wembe unaikata bila shida. Wakesho aliiokota kando ya shamba, akaichagua kwa kuigongagonga, akaibeba nyumbani. Kisha akamkazia macho yule mtu wa kwenye picha, akasema huyu ana kimo cha baba yangu. Akavunja njiti ya kiberiti katikati, akasema nusu hii ndiyo baba.

Basi kuanzia siku hiyo kila kitu kilipimwa kwa baba. Kutoka puani hadi mkiani, baba ishirini na nane na nusu. Mlango, baba mmoja. Alikuwa na daftari zima la baba. Picha ilimwonyesha ubavu mmoja tu, kwa hiyo umbo la mabawa ilibidi alitafute juu, adhuhuri baada ya adhuhuri, akichora mstari mmoja leo na mwingine kesho. Madirisha aliyatoboa kwa msumari wa moto. Visahani vya ndani ya injini, vile vinavyozunguka, alivikata kutoka kwenye bati laini la mirija ya dawa ya meno, kimoja kimoja, na ukivipuliza vilizunguka. Magurudumu yalitokana na ndara iliyokatika, na miguu yake ya waya wa mwavuli ilikunjwa ikaingia tumboni. Akalainisha mwili mzima kwa majani ya msasa mpaka ukawa kama ganda la yai.

Watoto wa landhi walimcheka, na aliyewafundisha kucheka ni mimi. Nilimuuliza mbele yao, "Wakesho, ndege wako ameshataga?" Yeye akajibu kwa upole, "Si ndege wangu. Ni ndege yangu." Ikawa ndiyo salamu yake. Asubuhi wakimwona kwenye mfereji wa kuchotea maji: ameshataga? Mama naye, ambaye hakuwa mtu mkali, alisema tu kwamba msichana na ndege wapi na wapi.

Lakini baba alimletea rangi. Ilikuwa masalio kwenye mkebe, rangi ya fedha waliyopakia matangi ya maji ya reli. Aliiweka mezani mbele ya Wakesho. Mimi miaka yote nilikuwa naokota waya mwenyewe, na baba hakuwahi kuniletea hata msumari. Nilimtazama Wakesho akipaka ile rangi kwa unyoya wa kuku, ndege ikigeuka kuwa kweli mbele ya macho yangu, nikamchukia. Sina neno jingine laini zaidi.

Muhula wa pili mwalimu mkuu akatuambia kwamba kuna mgeni atakuja. Alikuwa mwenyeji wa huku kwetu, injinia aliyetengeneza ndege Nairobi, na angetazama kazi za mikono za darasa la saba, kisha achague mwanafunzi mmoja amwombee nafasi katika shule ya ufundi na kumlipia. Kwangu ilikuwa sifa tu, maana baba alikwisha kunitafutia shule. Kwa Wakesho lilikuwa jambo lingine. Baba mdogo alikwisha kutuma salamu kwamba akimaliza mtihani arudi Mgange, amtunze nyanya na mashamba. Usiku huo nilimsikia akimwambia mama, "Mama mkubwa, akiniuliza swali lolote la injini nitamjibu." Hakuwa mtu wa kuongea. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema kwa furaha.

Ijumaa alishikwa na homa, akabaki kitandani. Kwenye paredi ya shule, mwalimu mkuu akatangaza kwa Kiingereza kwamba mgeni atafika kesho, ten o'clock. Nilirudi nyumbani nikamkuta Wakesho amejifunika blanketi, macho mekundu.

"Wamesema saa ngapi?" akaniuliza.

"Mwalimu amesema ten."

Alifikiri kidogo. Kichwa kilikuwa kikimgonga, na kule kwao saa waliisoma kwa Kiswahili tu. "Saa kumi? Jioni?"

Nawe unajua, kama ninavyojua, kwamba ten ya Kiingereza ni saa nne yetu. Hakuna mtu wa Voi ambaye hajapata kukosea hapo angalau mara moja. Sikumdanganya kwa maneno mengi. Nilisema, "Eeh."

Asubuhi nilitoka na lori langu. Wakesho alikuwa amepata nafuu, anasugua ndege kwa kitambaa, sare yake imefuliwa na iko kwenye kamba. Aliniuliza mbona mapema, nikasema nina zamu ya kufagia.

Mgeni alifika saa nne kamili. Alikuwa mtu mfupi mwenye kucha zilizokatwa sana, akashika kila kitu kwa heshima, hata vikapu. Alipofika mwisho wa meza akauliza, nusu kwa utani, "Na hapa njia ya ndege, hakuna hata mmoja aliyejaribu ndege?" Mwalimu mkuu akasema yuko msichana mmoja, akanigeukia mimi. "Dada yako yuko wapi?"

"Anaumwa, mwalimu."

Mgeni akatikisa kichwa, akachagua mvulana wa Mraru aliyetengeneza pampu ya maji ya mkono. Lori langu hakuligusa mara mbili. Hata wizi wenyewe, basi, haukunifaa kitu.

Saa tisa na nusu nilikuwa nimejificha nyuma ya ua wa shule. Sijui nilitaka kuona nini. Wakesho alikuja na sare iliyopigwa pasi, ndege imefunikwa leso, ameibeba kwa mikono miwili akitembea polepole asije akajikwaa. Hapakuwa na mtu ila mzee mlinzi. Waliongea kidogo. Wakesho akakaa kwenye ngazi ya darasa, ndege mapajani, akaendelea kukaa hata baada ya kuambiwa kwamba mgeni alikwisha kuondoka. Mara moja alizipuliza zile injini.

Nyumbani mama alipiga mikono. "Ten ni saa nne, mwanangu. Darasa la saba, hata hilo hujui?" Landhi nzima ikajua kabla ya chakula cha jioni. Wakampa jina la Saa Kumi, na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka machozi. Wakesho alinitazama mara moja tu, kisha akainuka akaosha vyombo.

Mama akaiweka ndege sebuleni juu ya kabati, kwenye kitambaa alichokishona mwenyewe. Wageni walistaajabu. Wengi waliniangalia mimi, wakasema, "Kumbe kijana ni fundi hivi," na baba hakuwasahihisha, nami nikasema eeh. Wakesho alikuwa hapo hapo, akiwamiminia chai. Mwisho wa mwaka alirudi Mgange na sanduku lake. Ndege hakuichukua, wala sisi hatukumwambia aichukue.

Miaka thelathini na zaidi nilijiliwaza kwamba hakuelewa. Au kwamba alielewa akanisamehe, maana hakusema neno. Nilikuwa nimejiandalia majibu yote mawili na nililala vizuri. Kisha kazi ikanipeleka Taveta, nikapita kwake Mboghoni alikoolewa. Nilimkuta amechuchumaa kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, injini ya pampu imefunguliwa mbele yake juu ya gunia, na majirani wawili wamesimama na pampu zao wakingoja zamu. Alinipokea vizuri, akanipikia, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja. Nilipoaga nikajikaza, nikamwambia yote, na nikamshukuru kwa kunisamehe siku ile bila kunishtaki.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Sikukusamehe," akasema. "Ulivyocheka nilijua. Lakini nilikuwa nakula kwenu, na mtihani ulikuwa bado miezi minne."