Namba ya Mama Triza

Kavinya hakuwa mvivu, lakini kila aliyemjua pale mtaani Mowlem alimjua akiwa amechoka. Wiki nzima alipanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji Industrial Area. Jumamosi mchana, badala ya kulala kama watu wengine, alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa huko Umoja, ambako watumiaji wa ile programu ya kupanga kurasa walikutana kuzunguka kompyuta mbili kuukuu. Unaiandikia amri, nayo yenyewe inapanga mistari, vichwa na namba. Aliyeijua kwelikweli ni Kavinya peke yake, basi walimkamua. Huyu na majedwali yake, yule na pambizo zake, na hakuna aliyeuliza kama amekula. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa wote alikuwa na wosia mmoja: usiandike namba kwa mkono, iache kompyuta ihesabu.

Wesonga, karani mmoja mpole, aliushika wosia huo. Kanisa lake lilikuwa limempa kazi ya kupanga upya kitabu cha nyimbo. Kamati iliondoa wimbo mmoja wa mwanzoni ambao haukuimbwa tena, na programu, kwa utiifu wake, ikasogeza namba zote zilizofuata. Sasa, kanisani kwao wimbo hauitwi kwa jina, unaitwa kwa namba, na akina mama wazee hata kitabu hawafungui. Mama yake Wesonga, Mama Triza, alikuwa mgonjwa kitandani, na alishasema siku yake ikifika aimbiwe mia na kumi na mbili.

Jioni moja Wesonga alimpelekea Kavinya kurasa zote kabla hazijachapwa. Alimkuta ametia miguu kwenye karai la maji moto.

"Si uniangalilie kidogo tu, Kavinya? Kuna kitu kinanisumbua kwa hizi namba."

"Kompyuta imeshahesabu, Wesonga. Nimechoka. Peleka zichapwe."

Akapeleka.

Mama Triza alifariki vitabu vikiwa vimeshagawanywa. Siku ya kumuaga, kabla ya safari ya kwenda kumzika Bungoma, kiongozi wa kwaya alitaja mia na kumi na mbili. Vijana wakafungua kitabu kipya, wakaanza wimbo wa mavuno. Wazee wakaimba ule wao wa siku zote bila kitabu. Nyimbo mbili zikagongana juu ya jeneza mpaka zote zikanyamaza, na mhubiri akaingia kwenye sala. Inauma, wacha niseme wazi. Mtu huagwa mara moja.

Habari zilimfikia Kavinya kabla Wesonga hajarudi kutoka mazishini. Alijiandaa kwa ugomvi, akatafuta na visingizio: kamati, uchovu, kazi ya watu. Lakini Jumamosi Wesonga alisubiri zamu yake kama wengine. Akaketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kanisa litachapa tena, naye anataka kujua namna ya kuiambia programu iruke namba ya wimbo ulioondolewa.

Kavinya akamwonyesha. Ilikuwa amri fupi, mstari mmoja. Wesonga akainakili, akaisoma tena taratibu, akainua macho.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu," Kavinya akasema.