Heri na Nyumba Yake ya Bata

Hainiingie bado mu kichwa. Leo asubuhi nilichukua telefone nimuandikie Heri "weye Enjenyere, umeamuka?", kisha nikakumbuka tulisha kumuzika.

Kwa wale hawakumujua: Heri njo kaka yangu wa kukimbia vita. Yeye alitoka Nyabiondo, mimi Karuba, tukakutana hapa Walikale, mu kartiye, ule mutaa wa chini kando ya muto Lowa, kila mutu na mufuko moja tu.

Yeye alisoma ujenzi mpaka akapata diplome. Mimi niliachia mu darasa ya tano primaire, ng'ombe za baba zilinihitaji kuliko hesabu za kalkule. Lakini kwa kukata mbao, uliza mutu yeyote hapa. Hakuna musumeno ulisha kunishinda.

Kartiye yetu iko hivi: Lowa ikijaa, unaamuka unakuta sufuria inaogelea. Na huko juu ku mulima kuko askari na risasi. Watu walichagua kubaki na maji, juu maji angalau haina bunduki.

Njo Heri akachora nyumba ndogo, ya mbao na mianzi. Chini ya sakafu tulifunga bidoni tupu, zile za manjano za mafuta. Ku kila kona nguzo ya mukalitusi, na pete ya mupira wa gari inazunguka nguzo. Maji ikikuja, nyumba inapanda ku nguzo. Maji ikienda, inashuka. Vita ikikuja, unaifungua, unabeba mbao na manjanja, yale mabati ya paa, unakimbia nayo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza hii ni nyumba ao ni bata? Jina likabaki. Kartiye muzima wakaiita Bata ya Heri.

Na sasa nitoe siri: huyu fundi wa nyumba za maji hakujua kuogelea. Mutoto wa mulima! Tukivuka muto alikuwa ananishika shingo kama mutoto wa nyani. Mimi naogelea kama samaki, hiyo inajulikana.

Papa Kambale, mwenye duka la misumari na bidoni, alikuwa anamuambia kila akimuona: mutoto wangu, nyumba inakaa chini, hivyo njo Mungu alipanga. Bidoni alituuzia, lakini baraka alikatala.

Na watu walikuwa wanangoja. Walisema waone kwanza Bata ikipanda, njo nao wajenge. Isipopanda, watarudi mu pori na watoto wao. Heri akawa anaangalia mawingu kama mutu anangoja bibi-arusi. Mvua ikakatala.

Kisha homa ikamushika. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa juu ya vita, na ku santé, kwenye zahanati yetu, dawa zilikuwa zimekwisha. Mara ya mwisho aliniuliza kama imenyesha. Nikamujibu bado, asiende kabla haijanyesha. Hakunisikia. Hata mu uzima wake alikuwa hanisikiake.

Tulimulaza mu sanduku ndani ya Bata yake, mama yake, Mama Sifa, akakaa pembeni yake, tungoje dada yake mukubwa atoke Omate ku machimbo. Njo mvua sasa ikakumbuka kazi yake. Heri, hata mvua ilikufanyia dharau.

Mimi nilikuwa nimeenda kuchonga musalaba. Kurudi, maji iko mu magoti, na nakuta wazee wamefunga nyumba ku nguzo na kamba za pori. Walisema marehemu hatikisikake mbele ya kuzikwa, roho yake itapotea njia. Papa Kambale, na rozari yake ku shingo, njo alikuwa amefunga fundo la nguvu kuliko wote.

Mbao zikaanza kulia. Maji ikapita mu sakafu. Tukamuita Mama Sifa atoke, akakatala. Alisema hawezi kumuacha mutoto wake peke yake mu maji, na maji njo kitu aliogopa.

Nikainua panga. Wazee wakanishika mukono, wakaniambia nitabeba laana. Pale sauti ikatoka ndani, ya pole tu:

"Kata. Mutoto wangu hakuijenga ili ifungwe."

Nikakata kona tatu. Nyumba ikalala upande, sanduku ikateleza kwa Mama Sifa, akaikumbatia. Fundo la mwisho lilikuwa chini ya maji, panga haikulifikia, na mwenye kulifunga peke yake alijua vile alilifunga. Papa Kambale akaingia na viatu vyake vya misa, akazama kichwa na rozari, akatoka na kamba mu mukono.

Bata ikatikisika kidogo. Kisha ikapanda. Pole pole, ku nguzo zake, vile Heri aliichora ku plan. Wenye kulia wakainua vichwa kuiangalia.

Mama Sifa akatokeza kichwa ku dirisha, mukono moja juu ya sanduku.

"Mumuone," akasema. "Ananibeba."

Heri, haukuona, basi nakuelezea mimi. Dada yako alifika, na maji iliposhuka, Bata ilishuka nayo, ikakaa pale pale ilikuwa. Tulikuzika juu kidogo, pahali Lowa haifikake. Kiwanja nilichagua mimi. Sikutaka utuaibishe huko na kuogelea kwako.

Sasa kartiye muzima wanakata mianzi. Papa Kambale ameanza Bata yake, na anaambia watu wazo lilikuwa la kwake. Nitazungumuza naye. Mimi wananiita Enjenyere, sikatale, jina linanifaa. Lakini kila mara wakiliita, nageuka kwanza nikutafute.

Mama yako analala mu Bata. Nilipitia kona zote ine kwa mikono yangu. Hakuna kamba hata moja.

Nawe lala, kaka yangu. Lala kavu.